Jinsi ya kuendesha mradi wa programu kwa ajaili: mfano wa daftari la dagaa, Kigoma

Timu ndogo za programu mara nyingi hufanya kazi hivi: mteja anaeleza anachotaka, timu inajifungia miezi minne, kisha inarudi na mfumo mzima. Siku ya makabidhiano ndipo inapojulikana kwamba karani hupima kwa beseni wala si kwa kilo, kwamba madeni hulipwa nusu nusu, na kwamba mtandao hauaminiki saa ile ile mitumbwi inapofika ufukweni. Wakati huo fedha za mkataba zimekwisha na msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu, umeshajengwa juu ya dhana potofu. Ajaili (kwa Kiingereza Agile) ni jina la jumla la mbinu zilizobuniwa ili mambo ya namna hiyo yajulikane katika wiki ya pili, wakati kuyarekebisha bado ni kazi ya siku moja.

Jina hilo lilipata maana yake ya sasa Februari 2001, watu 17 walipokutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakaandika tamko fupi lenye maadili manne na kanuni kumi na mbili. Miongoni mwao walikuwamo Kent Beck, Ken Schwaber na Jeff Sutherland. Tamko halisemi mipango na nyaraka zitupwe. Linakiri kwamba vina thamani, ila linaweka mbele zaidi watu na mazungumzo yao, programu inayofanya kazi, ushirikiano na mteja, na utayari wa kubadilika. Mojawapo ya kanuni zake inasema kwamba kipimo kikuu cha maendeleo ni programu inayofanya kazi. Kwa hiyo timu ikijiita ya ajaili kwa sababu inakutana kila asubuhi, iulizwe kwanza: mtumiaji aliishika programu yenu lini mara ya mwisho?

Chini ya jina hilo zimo mbinu kadhaa. Skramu hugawa muda katika vipande sawa viitwavyo sprinti, na inafaa pale mnapojenga kitu kipya. Kanbani haina sprinti: kazi hutiririka ubaoni, na idadi ya zilizo mkononi huwekewa kikomo. Inafaa zaidi kwa matengenezo. XP (kifupi cha Extreme Programming), iliyokuzwa na Kent Beck miaka ya 1990, inahusu ufundi wenyewe: majaribio ya kiotomatiki, kuandika msimbo wawili wawili, kuunganisha kazi kila siku. Ushauri wetu kwa timu inayoanza ni kuchukua ratiba ya skramu, ubao na vikomo vya kanbani, na ufundi wa XP. Timu nyingi huchukua ratiba peke yake na kuuacha ufundi, na baada ya sprinti ya tano kila badiliko linavunja kitu cha zamani.

Mfano tutakaokwenda nao ni huu. Kikundi cha akina mama hununua dagaa wabichi katika mwalo wa Kibirizi, mahali mitumbwi inaposhusha samaki, huwaanika, kisha huwauza kwa magunia. Kumbukumbu zote ziko kwenye daftari la karani. Wanataka programu ya simu itakayotunza ununuzi, madeni na mauzo. Timu ina watu wanne: wasanidi watatu na mbunifu wa kiolesura ambaye pia hufanya majaribio.

Kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo

Tafuteni mwenye bidhaa mmoja. Huyu ndiye anayeamua kipi kitangulie na kipi kisubiri. Asiwe kamati. Kamati ya watu watano italeta mambo matano, yote ya haraka, na timu itaishia kuchagua yenyewe bila kujua biashara. Mara nyingi mwenyekiti wa kikundi hana muda, na anayejua daftari kweli ni karani. Basi awe karani, lakini mwenyekiti akubali mbele ya kikundi kwamba uamuzi wa karani kuhusu mpangilio wa kazi ndio utakaofuatwa. Msipofanya hivyo, kila mapitio yataleta mtu mpya mwenye kauli ya kufuta ya jana.

Mmoja wa timu asimamie mbinu yenyewe: ahakikishe vikao havipiti muda, vikwazo vinaondolewa, na hakuna anayeingiza kazi kwa mlango wa nyuma. Katika timu ya wanne msanidi anaweza kubeba jukumu hili, ila mwenye bidhaa asilibebe. Yeye kazi yake ni kutaka zaidi, na msimamizi kazi yake ni kulinda mwendo wa timu. Mtu mmoja akivaa kofia zote mbili, mwendo ndio unaopotea.

Kisha nendeni mwaloni asubuhi mbili, mkae na kutazama bila kuuliza sana. Mitumbwi ya dagaa huvua usiku kwa taa na kurudi alfajiri, hivyo ununuzi unafanyika mapema na kwa kasi. Angalieni karani anaandika nini kwanza, anakiacha nini wazi ili akijaze baadaye, anashika kalamu kwa mkono gani uliolowa. Ombeni ruhusa ya kupiga picha kurasa chache za daftari. Kurasa hizo zina majina na madeni ya watu, kwa hiyo zikae mahali pamoja penye ulinzi, na data ya majaribio iwe ya kubuni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu hata mkiwa wanne tu.

Kuikata kazi

Hapa ndipo ajaili inapofaulu au kushindwa, na ndipo mnapopaswa kutumia muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote.

Kila hitaji liandikwe kwenye kadi moja kwa sentensi inayotaja nani, anataka nini, na kwa sababu gani. Kwa mfano: “Karani anataka kuandika beseni zilizonunuliwa na jina la mwenye mtumbwi, ili jioni ajue nani anadai nini.” Sababu ndiyo sehemu inayosahaulika, na ndiyo yenye faida kubwa, kwa kuwa inawapa timu nafasi ya kupendekeza njia rahisi zaidi. Kadi si maelezo kamili. Ni ahadi ya kuzungumza kabla ya kuanza kazi.

Baada ya mazungumzo, andikeni nyuma ya kadi mifano ya kukubalika, tena yenye namba. Beseni 12 kwa Sh 35,000 kila moja ni Sh 420,000. Amelipwa Sh 300,000, deni ni Sh 120,000. Kesho yake mwenye mtumbwi yule yule analeta beseni 5, analipwa zote taslimu, na deni linabaki Sh 120,000. Karani ameandika 21 badala ya 12: anasahihisha, jumla inabadilika, lakini maandishi ya kwanza yanaendelea kuonekana pamoja na saa ya masahihisho. Mfano wa tatu ndio unaofungua mjadala, maana mwenye mtumbwi naye ana kumbukumbu zake, na programu inayofuta bila alama italeta ugomvi.

Sasa ukataji. Kosa la kawaida ni kukata kwa tabaka: sprinti ya kwanza hifadhidata yote, ya pili seva, ya tatu skrini. Kwa mpangilio huo mtumiaji haoni chochote cha kutumia mpaka wiki ya sita, na dhana potofu iliyoingia kwenye hifadhidata inakuwa imeshazaa matawi. Kateni kwa wima, kila kipande kipite kuanzia skrini hadi hifadhidata na kimfae mtu hata kikiwa peke yake. Kwa daftari la dagaa mpangilio unaweza kuwa huu:

1. Kuandika ununuzi wa beseni, bei moja, na kuona jumla ya leo.
2. Kuona deni la kila mwenye mtumbwi.
3. Kuandika malipo ya sehemu ya deni.
4. Kusahihisha kosa bila kufuta.
5. Bei tofauti kwa dagaa wa daraja tofauti.
6. Mauzo ya magunia.
7. Ujumbe mfupi wa stakabadhi kwa mwenye mtumbwi.
8. Ripoti ya wiki kwa mwenyekiti.
9. Malipo kwa simu.

Malipo kwa simu yako mwisho kwa makusudi. Mteja huyataka kwanza kwa kuwa yanavutia, lakini yanahitaji mikataba na taratibu za watoa huduma ambazo haziko mikononi mwenu. Anzeni maombi hayo mapema kwa barua, huku kazi ya msimbo ikisubiri. Wakati huo karani anaweza kulipa kwa simu yake kama kawaida na kuandika kumbukumbu ya muamala kwa mkono.

Je, kadi ikiwa kubwa mno mnaikataje? Jaribuni njia hizi kwa mfuatano: tenganisheni hatua za kazi (kuandika kwanza, kusahihisha baadaye), tenganisheni kanuni (bei moja kwanza, madaraja baadaye), tenganisheni aina za watu (karani kwanza, mwenyekiti baadaye), au acheni sehemu moja ifanywe kwa mkono kwa muda. Kadi inayofaa ni ile ambayo mtu mmoja au wawili wanaimaliza ndani ya siku mbili au tatu.

Kuna jambo ambalo halikatiki namna hii, nalo ni kufanya kazi bila mtandao. Wapo wanaodhani ajaili maana yake ni kutofikiria usanifu mapema. Hapana. Kama mnajua tangu mwanzo kwamba mwaloni mtandao unakatika, amueni siku za kwanza jinsi kumbukumbu zitakavyozaliwa. Seva ikiwa ndiyo inayotoa namba za mfuatano, simu iliyo nje ya mtandao haiwezi kuunda kumbukumbu yoyote. Simu yenyewe izalishe kitambulisho kirefu cha nasibu, aina ya UUID, na kumbukumbu ibaki nacho milele. Kitambulisho hicho kinazuia pia tatizo la pili: simu inatuma, seva inapokea, mtandao unakatika kabla ya jibu kurudi, simu inatuma tena. Bila kitambulisho kile kile, deni la Sh 120,000 linageuka Sh 240,000. Kwa mambo kama haya wekeni kadi ya uchunguzi yenye ukomo wa siku mbili, na matokeo yake yawe jaribio dogo linaloendeshwa kwenye simu halisi.

Makadirio

Msikadirie kwa saa. Linganisheni ukubwa wa kadi kwa pointi 1, 2, 3, 5, 8 na 13. Kila mtu achague namba kimya kimya, kisha wote waonyeshe kwa pamoja. Mkitaja kwa zamu, aliyeanza kazi mwaka huu atarudia namba ya mkubwa wake, na mtakosa kujua alichokiona yeye. Mwenye namba ya chini na mwenye ya juu waeleze sababu, mrudie mara moja, mwendelee. Kadi ya 13 irudi kukatwa.

Baada ya sprinti tatu mtakuwa na kasi yenu. Tuseme mmemaliza pointi 14, 19 na 15. Wastani ni 16. Orodha ikiwa na pointi 80 zilizobaki, hizo ni sprinti 5 kwa wastani; kwa kasi ya chini zaidi ni karibu 6. Kwa sprinti za wiki mbili, mwambieni mteja “wiki 10 hadi 12”, wala msimpe tarehe moja. Kasi hii ni ya kupangia tu. Ikigeuzwa kuwa kipimo cha kumsifu au kumbana mtu, pointi zitapanda bila kazi kuongezeka. Wala msilinganishe timu mbili, maana pointi 5 za hawa si pointi 5 za wale.

Sprinti, na kalenda ya mwezi

Mwongozo rasmi wa skramu, toleo la 2020, unasema sprinti isizidi mwezi mmoja. Kwa timu mpya wiki mbili zinatosha. Watu wanne kwa siku kumi za kazi ni siku 40, lakini msipange 40. Toeni vikao, safari za mwaloni, maswali ya mteja na saa za umeme kukatika. Siku 26 hadi 28 ndizo za kupangia katika sprinti ya kwanza, kisha kasi yenyewe itawaongoza.

Kigoma ina kalenda yake ya kuzingatia. Uvuvi wa dagaa kwa taa hutegemea giza. Siku za mbalamwezi taa hazivuti dagaa vizuri, wavuvi wengi hupumzika, na ndipo akina mama wanapokuwa na nafasi ya kukaa na ninyi. Mafunzo, mapitio marefu na kuweka toleo jipya vifanyike siku hizo. Kujaribu programu wakati wa kazi halisi kufanyike siku za giza, ambapo ununuzi uko mwingi. Sprinti mbili za wiki mbili ni siku 28, na mwezi wa angani ni takribani siku 29 na nusu, kwa hiyo ratiba yenu itateleza siku moja na nusu kila mwezi. Baada ya miezi mitano mtakuwa mmehama wiki nzima. Hivyo kabla ya kupanga kila sprinti, tazameni tarehe za mwezi mpevu, msiamini kwamba “Ijumaa ya pili” itafaa siku zote.

Msimu nao una neno. Mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa katika Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Katika miezi kama hiyo hakuna ununuzi wa kujaribu, na timu iliyong’ang’ania mpangilio wake wa awali ingekaa bila mtumiaji. Kadi za mauzo ya akiba, madeni ya zamani na ripoti zipande juu, za ununuzi zishuke. Hii ndiyo faida ya kuwa na orodha inayopangwa upya kila wiki mbili.

Kikao cha kupanga kisizidi saa nne kwa sprinti ya wiki mbili. Kwa watu wanne, saa mbili zinatosha. Mtoke na lengo moja linalosemeka kwa sentensi: “Karani aache kutumia daftari kwa madeni.” Lengo ni muhimu kuliko orodha ya kadi. Kazi ikizidi katikati ya sprinti, mnajua kadi ipi ya kuondoa bila kulivunja lengo.

Simu ya mkubwa anayetaka jambo jipya Jumatano itakuja tu. Msimkatalie, wala msiliingize kimyakimya. Andikeni kadi, mpeni mwenye bidhaa, aamue: lisubiri sprinti ijayo, au liingie sasa na kadi yenye ukubwa sawa itoke. Kinachoharibu sprinti ni kuingiza bila kutoa.

Ubao

Karatasi mbili za manila ukutani, maka peni, na kadi zilizobandikwa kwa selotepu zinatosha. Ubao wa mtandaoni una faida pale mnapokaa miji tofauti, lakini ule wa ukutani hauhitaji bando, na mteja akiingia ofisini anauona bila kuelekezwa. Safu ziwe tano: Inasubiri, Inafanywa, Inakaguliwa, Kwa mtumiaji, Imekwisha.

Juu ya safu tatu za kati andikeni kikomo. Kwa watu wanne: Inafanywa 3, Inakaguliwa 2, Kwa mtumiaji 2. Safu ikijaa, hakuna anayevuta kadi mpya. Aliye huru anamsaidia mwenzake kumaliza. Mwanzoni hili linaonekana kama kupoteza nguvu kazi. Hesabu yake ilithibitishwa na John Little mwaka 1961: wastani wa muda wa kazi moja ni idadi ya kazi zilizo mkononi ikigawanywa kwa kasi ya kumaliza. Mkiwa na kadi 9 mkononi na mnamaliza 3 kwa wiki, kila kadi inachukua wiki 3 kwa wastani. Mkishika 4, inachukua wiki moja na theluthi. Mtumiaji anaona kazi yake mapema, na kosa linajulikana wakati aliyeliandika bado analikumbuka.

Kadi iliyokwama ipewe alama nyekundu na tarehe ya kukwama. Safu ya “Kwa mtumiaji” ikijaa kila wiki, tatizo lenu si kasi ya kuandika msimbo, ni kwamba hamwendi mwaloni vya kutosha.

Nini maana ya “Imekwisha”? Kubalianeni kwa maandishi na myabandike kando ya ubao. Pendekezo letu: msimbo umepitiwa na mtu wa pili, majaribio ya kiotomatiki yamepita, imewekwa kwenye seva ya majaribio, imejaribiwa kwenye simu ya bei nafuu yenye nafasi ndogo, mtandao ukiwa umezimwa kisha ukiwashwa, maneno yote ya skrini ni Kiswahili ambacho karani anakitumia, na mtumiaji mmoja ameitumia bila kusaidiwa. Kadi iliyofika “asilimia 90” haihesabiwi pointi. Ni sifuri mpaka iishe, kwa sababu asilimia kumi ya mwisho ndiyo yenye mambo ambayo hamkuyajua.

Vikao

Kikao cha kila siku ni dakika 15, mbele ya ubao, saa ile ile. Anzieni safu ya kulia mwende kushoto, mkiuliza kwa kila kadi: inahitaji nini leo ili isogee? Mkianza kwa kumwuliza kila mtu jana alifanya nini, kikao kinakuwa ripoti kwa mkubwa. Mjadala wa kiufundi ukizuka, wahusika wabaki baada ya kikao. Asiyefika kwa sababu ya umeme au safari aandike mistari miwili WhatsApp kabla ya saa hiyo.

Mapitio ndicho kikao chenye thamani kubwa, na kisifanyike ofisini kwa projekta. Nendeni mwaloni kuanzia saa nne asubuhi, dagaa wakiwa wameshaanikwa na watu wametulia. Tumieni simu ya karani, kwenye jua, na vidole vyake jinsi vilivyo. Vitufe ambavyo ofisini vilionekana vikubwa vitaonekana vidogo, na maandishi ya kijivu hayatasomeka.

Mkiuliza “Mama, mnaionaje?” jibu litakuwa “Nzuri sana, wanangu, asanteni.” Huo ni ukarimu, na hauwaambii kitu kuhusu programu. Badala yake ombeni kazi: “Mama, hebu andika ununuzi wa asubuhi ya leo. Sasa tuonyeshe fulani anadai shilingi ngapi.” Kisha nyamazeni. Akisita, hesabuni kimya hadi kumi kabla ya kusema lolote. Mmoja wenu aandike kila mahali kidole kilipokwenda pasipo, na kila neno alilouliza maana yake. Akimwita mwenzake amsaidie, sikilizeni maneno wanayotumia wao kwa wao, ndiyo ya kuweka kwenye skrini. Rudini na kadi mpya tatu au nne, na karani azipange palepale.

Tathmini ya timu hufuata, kwa saa moja. Kila mtu aandike kimya kwa dakika tano yaliyokwenda vizuri na yaliyokwamisha, ndipo msome. Kuandika kwanza kunampa mdogo sauti kabla mkubwa hajasema. Chagueni badiliko moja tu, liwe kadi kwenye sprinti ijayo na jina la anayelisimamia. Timu zinazochagua mabadiliko saba hazitekelezi hata moja, na baada ya miezi miwili kikao kinaachwa kwa kuwa “hakibadilishi kitu”.

Ufundi unaobeba yote haya

Kutoa toleo kila wiki mbili kunawezekana tu kama kubadilisha msimbo hakutishi. Anzeni majaribio ya kiotomatiki kwenye hesabu za fedha: ile mifano ya namba iliyo nyuma ya kadi ndiyo majaribio yenyewe. Hifadhini shilingi kama namba kamili, kamwe si namba za desimali za kompyuta, ambazo huleta tofauti ndogo ndogo zinazojikusanya. Hitilafu ikipatikana, andikeni kwanza jaribio linaloionyesha, ndipo mrekebishe.

Tumieni Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, na muunganishe kazi za kila mtu angalau mara moja kwa siku. Kila kompyuta hubeba historia nzima, kwa hiyo kuhifadhi mabadiliko hakuhitaji intaneti, inahitajika tu wakati wa kupeleka na kuvuta. Anayekaa na kazi yake wiki nzima bila kuunganisha huleta mgongano ambao utakula siku mbili za sprinti. Palipo na kompyuta mpakato mbili kwa watu wanne, kaeni wawili wawili: mmoja aandike, mwingine afikirie na kukagua, mbadilishane kila nusu saa.

Mkataba

Wateja wengi hutaka bei moja na orodha kamili ya vipengele. Ajaili haivunjiki kwa hilo mkiandika vifungu vinne. Malipo yafanyike baada ya kila sprinti mbili, kwa toleo lililokubaliwa. Kitu kipya kinaweza kuingia bila gharama endapo kitu chenye pointi sawa ambacho hakijaanzwa kinatoka. Mteja atamtoa mwenye bidhaa kwa saa zisizopungua nne kwa wiki. Na upande wowote unaweza kusimamisha mwishoni mwa sprinti, mteja akibaki na msimbo na data yake yote. Kifungu cha tatu ndicho kinachovunjwa zaidi. Karani asipopatikana kwa wiki nzima, simamisheni kadi mpya na mfanye majaribio na marekebisho ya zilizopo. Msikisie biashara kwa niaba yake.

Programu ikishaanza kutumika

Hapo sprinti zinaanza kubana, kwa sababu hitilafu hazisubiri wiki mbili. Hamieni kanbani. Ubao ule ule, vikomo vile vile, bila sprinti. Gawanyeni maombi katika mafungu matatu: hesabu ya fedha imekosewa au kumbukumbu zimepotea, inashughulikiwa siku hiyo hiyo; karani hawezi kuandika ununuzi, siku hiyo hiyo pia, na arudi kwenye daftari la karatasi wakati mnarekebisha; mengine yote yapange foleni. Daftari la karatasi libaki karibu kwa miezi miwili ya kwanza, na kila Jumamosi mlinganishe jumla zake na za programu.

Toleo jipya lisiwekwe usiku wa kuamkia siku za giza. Wekeni wakati wa mbalamwezi, anzeni na simu ya karani peke yake kwa siku mbili, nakala ya hifadhidata ikiwa imeshachukuliwa na imejaribiwa kurejeshwa, kisha ndipo wengine wapokee. Toleo la awali likae tayari kurudishwa ndani ya dakika kumi, na angalau watu wawili katika timu wajue kulirudisha bila kusoma maelekezo.